Dawati la Nyuma

Matokeo yalifika Jumamosi saa nne asubuhi, na yalimkuta mwalimu mkuu amesimama juu ya kichuguu nyuma ya vyoo vya shule, simu ameiinua juu kama mtoto anayeomba ruhusa ya kujibu swali. Hapo ndipo mahali pekee ambapo mtandao ulishika. Watu wa kijiji walikuwa wamekizoea kichuguu hicho na kukiita ofisini. Ukimtafuta mwalimu ukamkosa darasani, unaambiwa yuko ofisini, na anayekuambia anacheka.

Siku hiyo hakucheka mtu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamemaliza darasa la saba, na wazazi wao karibu wote walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta wa shule, wanangoja. Mwalimu aliisoma orodha mara ya kwanza haraka haraka. Wanne wamechaguliwa kwenda sekondari. Katika miaka yake kumi na minne pale hawajawahi kufika wanne. Mwaka wa kwanza hakupata hata mmoja, na mwaka uliopita alipata wawili, akatembea wiki nzima kama mtu aliyeoa juzi. Aliyeongoza alikuwa binti wa mchoma mkaa. Akaisoma mara ya pili, polepole, kidole kikifuata namba. Mara ya tatu alitafuta namba moja tu, na namba hiyo haikuwepo.

Ilikuwa namba ya binti yake.

Alishuka akawatangazia wazazi. Aliwashika mikono wale wanne, na wale wengine akawaambia maneno ambayo mwalimu huwaambia. "Na wako, mwalimu?" mama mmoja aliuliza, kwa nia njema kabisa.

"Wangu bado," alijibu, kana kwamba matokeo ya binti yake yangekuja na gari jingine.

Nyumba ya mwalimu ilikuwa hatua mia moja kutoka shuleni, vyumba viwili na baraza. Barazani alikaa mkewe na cherehani yake, maana yeye ndiye aliyekuwa fundi nguo wa eneo zima, na sare zote za shule zilipita mikononi mwake. Pembeni yake, juu ya mkeka, alikaa Kadogo. Jina la Kadogo alipewa siku aliyozaliwa kwa jinsi alivyokuwa mdogo, likamkaa hata sasa alipokuwa na miaka kumi na minne na kumpita mama yake kimo.

"Wanne," mwalimu alisema.

Mguu wa mkewe ulisimama juu ya pedeli. "Kadogo yumo?"

"Hayumo."

Kadogo hakuinua uso. Alikuwa na sindano mkononi. Alipitisha uzi tunduni mara moja tu, bila kulamba wala kukosea, akampa mama yake. "Nilijua, baba," alisema.

"Ulijua vipi?"

"Nilijua tu."

"Kama ulijua, mbona hukuongeza bidii?" Aliyasema kwa sauti ile ya darasani, sauti inayofika mpaka ukuta wa nyuma. Kadogo aliinuka, akachukua ndoo, akaenda zake kisimani, ingawa pipa la nyumbani lilikuwa limejaa.

* * *

Alasiri mchoma mkaa alikuja na familia yake yote. Alikuwa amevaa koti la kuendea misiba na harusi, mikono ameisugua mpaka imebabuka lakini weusi wa mkaa ungali kwenye kucha. Chini ya kwapa alibeba kuku jike. Binti yake, aliyeongoza, alisimama nyuma ya mama yake anatazama vidole vya miguu yake.

"Mwalimu," alisema, akakwama. Alikuwa amejiandalia hotuba njiani na sasa imemponyoka. "Mwalimu, mimi sijui hata kuandika jina langu. Huyu anakwenda sekondari. Mimi nina nini cha kukupa? Nina kuku."

"Kuku wa nini, mzee? Mtoto ndiye aliyefanya kazi."

"Chukua, tafadhali. Usinirudishe naye njiani, watu wataniona."

Mwalimu alimtazama mkewe, maana mambo ya kuku ni ya nyumbani. Mama Kadogo aliinuka kwenye cherehani akampokea kuku kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema asante, akawakaribisha viti. Akawapikia chai. Akampongeza yule binti kwa jina la utani alilompa mwenyewe, bibi harusi wa vitabu, na wote wakacheka. Akampima kwa ajili ya sare mpya hapo hapo, mabega, kiuno, urefu wa sketi, akiandika namba kwenye kipande cha gazeti.

"Na Kadogo je, anakwenda shule gani?" aliuliza mke wa mchoma mkaa.

Utepe wa kupimia ulibaki kiunoni mwa binti wa watu. "Kadogo hakuchaguliwa," Mama Kadogo alisema.

Chai ilinywewa haraka baada ya hapo. Wageni walipoaga, mchoma mkaa alimvuta mwalimu kando. "Mwalimu, samahani kwa hili nitakalosema. Lakini leo ndiyo nimeamini. Mwalimu mwingine angepenyeza wake kwanza."

Aliyasema kama sifa, na mwalimu aliyapokea kama sifa. Jambo hilo angekuja kulikumbuka baadaye.

* * *

Ukweli ni kwamba shule ile ilisimama juu ya ahadi moja. Walimu waliomtangulia waliacha watoto wao mjini na kufundisha wa wenzao huku macho yako barabarani. Wazazi wakaona, wakabaki na watoto wao machungani na kwenye tanuru za mkaa. Kadogo alipofikia umri wa kuanza darasa la kwanza, mwalimu alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akasema: mwanangu atasoma hapa hapa na wenu, daftari lile lile, adhabu ile ile, na atakaa dawati la nyuma kabisa ili asiwepo wa kusema namsogeza mbele. Mwezi uliofuata waliandikishwa watoto thelathini na wanane. Mwalimu ambaye mpaka hapo alikuwa akiandika barua za uhamisho kila mwaka aliacha kuandika. Alikuwa amejua amezaliwa afanye nini.

Kadogo alikaa dawati la nyuma miaka saba.

Jumapili Mama Kadogo hakuwasha moto. Alikuwa anakunja nguo kitandani, za kwake na za binti yake, akizipanga ndani ya begi moja.

"Dada yangu wa mjini ameniambia kuna shule karibu naye inapokea wanaorudia," alisema. "Tunaondoka kesho na lori la mkaa."

"Mama Kadogo, ngoja kwanza. Mimi nitamrudisha darasa la saba hapa hapa. Mwaka mmoja tu."

"Akae wapi?"

"Darasani, si anajua mahali pake."

"Nimekuuliza akae wapi, baba Kadogo. Dawati gani?"

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nikimpeleka wangu mjini, wale wataniona kama wale wengine. Kesho utasikia fulani kamtoa mtoto wake, keshokutwa fulani. Watu watasema."

"Watu." Mkewe aliweka gauni chini. "Miaka saba nakula na watu, nalala na watu. Nikimnunulia mtoto viatu, watu watasema. Nikimwambia akupe daftari lake umsahihishie hapa nyumbani, watu watasema. Sasa kafeli. Hao watu ndio waliofeli?"

"Alikuwa mvivu. Unajua mwenyewe. Darasa la kwanza mpaka la tatu alikuwa anaongoza, kuanzia la nne akalegea. Anakaa darasani amekunja uso kama ana deni na kila mtu. Hata kusalimia wakubwa njiani hasalimii. Ni mara ngapi nimeitwa kuambiwa binti yako ana maringo?"

Mama Kadogo alilichukua tena lile gauni, akalikunja. Hata yeye aliyajua hayo na kuyaonea aibu. Binti yake alikuwa anapishana na bibi wa watu kwenye njia, hatua kumi tu, asimwamkie.

Kesho yake lori la mkaa lilisimama mbele ya shule saa mbili kasoro, darasa la kwanza wakiwa wanaimba herufi. Mwalimu alitoka na chaki mkononi. Alimsaidia mkewe kupanda mbele kwa dereva. Kadogo akapanda nyuma juu ya magunia pamoja na utingo. Mwalimu alitaka kumwambia neno, lakini watoto walikuwa wamejaa madirishani wanatazama kama mwalimu anamuaga wake kwa namna ya pekee.

"Ukasome," alisema.

"Sawa, baba."

* * *

Siku ya tisa simu ya mkewe ilimkuta juu ya kichuguu saa ya mapumziko. Nyuma yake watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, kelele nyingi. Akaziba sikio moja.

"Baba Kadogo, umekaa?"

"Nakaa wapi? Niko ofisini. Sema."

"Juzi dada alimtuma Kadogo dukani. Akamwambia ni duka lenye maandishi mekundu, ng'ambo ya barabara. Kadogo akauliza maandishi gani. Dada akadhani anafanya mzaha. Akamwonyesha kwa kidole. Kadogo hayaoni." Mkewe alivuta pumzi. "Yale maandishi ni makubwa kama mlango, baba Kadogo. Jana tumempeleka kwa daktari wa macho. Haoni mbali. Kitabu akikishika mkononi anasoma vizuri kabisa, sindano anatia uzi, lakini kuanzia hatua tatu hivi ni ukungu. Daktari anasema ni miaka. Kasema kuanzia kama darasa la tatu, la nne."

Mpira uliruka ukapita karibu na miguu ya mwalimu. Hakuuona.

"Daktari akamuuliza, ubaoni ulikuwa unasomaje? Akasema, nilikuwa namsikiliza mwalimu, na yale ya kuandika nilikuwa naangalia kwa mwenzangu."

"Mbona hakusema?"

"Anasema alisema," mkewe alijibu. "Anasema darasa la nne alikuomba umsogeze mbele."

Alikuwa ameomba. Mwalimu alikumbuka hata siku. Alikuwa anafunga mlango wa darasa na Kadogo amesimama nyuma yake, mfuko kifuani. Baba, nataka kukaa mbele. Na yeye akamjibu huku akizungusha ufunguo: wewe ukikaa mbele nitawaambia nini wenzako? Hakugeuka hata kumtazama.

Tena akakumbuka lile jingine, ambalo mkewe hakulitaja, labda hakulijua. Darasa la tano, hesabu za sehemu. Kwa kuwa shule ilikuwa na vitabu vinane tu vya hesabu, kila kitu kiliandikwa ubaoni. Alimwona Kadogo ameinamia daftari la jirani yake, yule binti wa mchoma mkaa, ambaye siku hizo alikuwa bado hajasogezwa mbele. Alimsimamisha. Alimwita mbele ya darasa zima, akamwambia anyooshe mikono, akampiga rula viganjani, sita, za kuhesabu kwa sauti. Akawaambia darasa: nani mwingine anadhani mtoto wa mwalimu anaruhusiwa kuangalizia? Kadogo hakulia. Alimtazama tu kwa ule uso wake uliokunjwa, na mwalimu akasema moyoni, ona kiburi hicho.

Habari ile ilienea kijiji kizima kwa siku moja. Wazazi walimpa mkono.

"Baba Kadogo? Upo?"

"Nipo."

"Dada ndiye aliyelipa miwani. Nakuambia ili usije ukauliza."

Kengele ya kurudi darasani ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, na kwa kawaida aliigonga mwenyewe. Siku hiyo watoto walingoja, wakatazamana, mwisho mkubwa mmoja akaigonga. Mwalimu aliingia darasa la sita, akaandika tarehe ubaoni, akasimama mgongo ukiwa umewaelekea kwa muda mrefu kuliko tarehe inavyohitaji. Akafuta. Akaanza kuandika herufi, moja moja, za ukubwa mbalimbali, kubwa juu, ndogo chini.

"Simameni," alisema. "Wote nyuma, ukutani. Mmoja mmoja atanisomea."

* * *

Alilipima darasa moja kila siku, wiki nzima. Kati ya watoto mia moja na kumi na wawili, wanne hawakuona mbali. Mmoja alikuwa msichana wa darasa la tatu aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake, msemaji kupita kiasi. Mwingine alikuwa mvulana wa darasa la tano ambaye walimu wote wawili, yaani mwalimu mkuu na msaidizi wake, walikubaliana zamani kuwa kichwa chake ni kizito. Mvulana huyo alisimama ukutani, akatazama ubao, akaanza kutaja herufi kwa kubahatisha, moja baada ya nyingine, anachungulia uso wa mwalimu aone kama amepatia. Mwalimu alimwacha amalize. Hakuwa amepatia hata moja.

"Kaa chini, mwanangu," alimwambia. Watoto waligeuka kutazamana, maana neno hilo halijawahi kusikika humo ndani.

Ilibidi awaite wazazi, ili wamruhusu awapeleke wanne wale mjini. Walikuja Ijumaa, wakajaa darasa la saba, wanaume wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu aliwaeleza habari ya macho. Akaeleza na ya Kadogo. Alikuwa amekusudia kupita juu juu, lakini alipokwisha kuanza hakuweza kusimama. Aliwaambia ya dawati. Aliwaambia ya rula.

"Nilimpiga kwa kosa la kutoona," alisema. "Mbele ya watoto wenu."

Nje mbuzi alipiga kelele. Mwisho mchoma mkaa aliinuka, dawati likainuka naye kidogo, akalirudisha.

"Mwalimu, usijilaumu. Sisi tulikuamini kwa lile. Mimi huyu binti yangu nilikuwa nimepanga kumtoa shule ile wiki, anisaidie tanuruni. Alirudi nyumbani akasema mwalimu amempiga mwanawe mwenyewe kwa haki. Nikasema basi, hapo pana haki. Kesho yake nikamwacha arudi darasani." Alitazama wenzake. "Au nasema uongo?"

"Kweli kabisa," walisema wengine. "Hata sisi." Na mama mmoja akaongeza, kumfariji, "Mungu akubariki, mwalimu. Bila lile, wetu wangekuwa wapi?"

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Angekuwa radhi wamtukane. Angekuwa radhi mmoja wao ainuke aseme, wewe ni baba wa namna gani. Lakini walikuwa wanampa mkono tena, mmoja mmoja, wakipita kwenda mlangoni, na kila mkono aliushika na kusema asante.

* * *

Walifika mjini Jumatatu, weupe kwa vumbi la njia kuanzia nywele hadi viatu. Shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, aliwafungulia mlango akawahesabu kwa macho: mwalimu mmoja, watoto wanne, wote na mifuko ya plastiki.

"Karibu, shemeji," alisema. "Naona safari hii umekumbuka macho."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Watoto waoge kwanza, nisije nikafagia mpaka wiki ijayo."

Mama Kadogo alikuwa amepata nafasi kwenye duka la fundi mtaani, alikuwa hajarudi. Aliporudi saa saba alimkuta mumewe amekaa uani kwenye ndoo iliyopinduliwa, akakaa kwenye kizingiti karibu naye. Alikuwa amekonda kidogo, au ni kwa sababu hakuwa ameketi kwenye cherehani yake mwenyewe.

"Kadogo yuko shule," alisema. "Atatoka saa nane. Wamemjaribu hesabu, wakashangaa kwa nini alifeli. Nimewaambia nami nashangaa."

"Mama Kadogo."

"Usiniombe msamaha mimi. Hata mimi nilikuwa naye nyumbani miaka yote hiyo. Nilifurahi tu kuwa ananitilia uzi." Alipangusa kitu kwenye gauni ambacho hakikuwepo. "Nina neno moja. Omba uhamisho. Kwa miaka yako hawawezi kukukatalia. Barua moja tu, baba Kadogo, tukae nyumba moja. Mimi kule sirudi mpaka huyu amalize."

Mlangoni mwa jikoni Kijiti alikuwa amesimama na taulo kichwani, anawasimulia wenzake kwa sauti jinsi bomba linavyotoa maji bila kuvutwa. Mwalimu aliwatazama wale wanne. Alikuwa na msaidizi mmoja tu kule shuleni, kijana ambaye alikuwa tayari anaandika barua zake mwenyewe. Mkewe alifuata macho yake, akaona yalipokwenda, akasimama.

"Basi," alisema. "Njoo ule."

* * *

Alasiri hiyo Kadogo alikuja moja kwa moja kliniki kutoka shuleni, kwa sababu mama yake mkubwa alimwambia awasaidie na watoto. Mwalimu alimwona tangu mlangoni. Miwani ilikuwa ya fremu nyeusi, kubwa kidogo kwa uso wake. Lakini uso wenyewe ndio uliomfanya asimame. Ulikuwa umekunjuka. Paji la uso lilikuwa laini, nyusi ziko mahali pake, na mwalimu akatambua kwamba hakuwa ameuona uso wa binti yake kwa miaka minne.

"Shikamoo, baba," Kadogo alisema kutoka mbali, kabla hajafika.

"Marahaba, mama. Shule nzuri?"

"Nzuri."

Walikaa kwenye benchi, wakaacha kati yao nafasi ya mtu mmoja. Watoto walikuwa dirishani wanatazama magari. Mwalimu alikuwa ametunga maneno tangu kwenye lori, lakini kama mchoma mkaa siku ile, yote yalimponyoka.

"Nilikukosea," alisema. "Siku ile ya rula. Na siku ulipoomba kusogea. Na zote zilizobaki."

Kadogo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sketi, akaivaa tena. Alifanya hivyo taratibu, kama mtu aliyefundishwa namna ya kuifuta asiikwaruze.

"Rula haikuuma sana," alisema. "Ungeniuliza tu, baba. Ungeniuliza kwa nini naangalia la mwenzangu. Nilikuwa nimesimama pale nangoja uniulize. Nilikuwa nitasema."

Mwalimu aliinamisha kichwa.

Muuguzi alitoka na daftari la kuandikisha, mama mnene mwenye haraka. "Hawa wanne wa shule moja ndio wako, mwalimu? Haya, majina." Akaandika. Kisha akamtazama Kadogo juu ya daftari. "Na wewe binti? Na wewe ni mwanafunzi wake?"

"Nilikuwa," Kadogo alisema.

Mwalimu alingoja aongeze. Muuguzi alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine. Kadogo aliinuka, akamshika mkono Kijiti, akamwambia, "Twende, usiogope. Watakuwekea vioo tu machoni, hakuna sindano," na wakaingia ndani pamoja.

* * *

Miwani ya watoto wawili ilikuwepo tayari, ya wawili wengine ingeletwa na lori mwezi ujao. Alhamisi asubuhi mkewe aliwafungia mikate kwenye gazeti. Hakuuliza habari ya barua. Alimnyooshea kola ya shati, akaona kifungo kimelegea, akatoa sindano kwenye pindo la gauni lake akamshonea hapo hapo akiwa amesimama, akakata uzi kwa meno. Kadogo alikuwa ameshakwenda shule. Siku hiyo walikuwa na jaribio.

"Nisalimie kijiji," mkewe alisema.

"Zitafika."

Dereva alimpa mwalimu nafasi ya mbele, naye akampakata Kijiti, kwa kuwa ndiye mdogo. Wale watatu walikuwa nyuma juu ya magunia matupu. Kijiti alikuwa amevaa miwani yake tangu jana na alikuwa amekataa kuivua hata kulala. Mji haukuwa umeisha, na yeye alikuwa ameanza. Alisoma kila kilichoandikwa. Alisoma majina ya maduka, bei za saruji, tangazo la kinyozi, onyo kwa wanaotupa takataka. Alisoma yaliyoandikwa nyuma ya malori mengine na kumuuliza dereva maana yake. Penye neno refu alilikata vipande akaliunga, na likiungana alipiga goti la mwalimu kwa kiganja.

"Mwalimu, haya maandishi yote yalikuwepo na juzi tulipokuja?"

"Yalikuwepo."

"Na miti ina majani moja moja. Nilidhani ni kitu kimoja tu cha kijani."

Mwalimu alifurahi. Alifurahi kweli, furaha ile ile iliyomfanya aache kuandika barua za uhamisho, na ilikuwa furaha hiyo iliyomvunja. Machozi yalimjaa, akajaribu kutazama nje upande wa pili. Dereva, ambaye alikuwa mtu mzima, akashughulika na gia.

"Mwalimu, pale mbele kwenye ule ubao mkubwa pameandikwaje? Ule wa njia panda. Anza wewe."

"Sioni," mwalimu alisema.

Kijiti aligeuka akamtazama uso kwa karibu, kwa makini, kupitia vioo vyake vipya. Kisha akarudi akatazama mbele.

"Basi tulia," alimwambia. "Nitakusomea mimi."

Akaanza kusoma, silabi moja moja.